Zamu ya Ngamia: Maji ya Bwawa na Haki ya Viumbe Wasiosema

  

Ndugu zetu katika imani, na hasa akina mama mnaolea nyumba zetu, katika Suratush-Shu'araa kimo kisa cha Nabii Saleh (A.S.) na ngamia wake. Kaumu ya Thamud waliambiwa kwamba mnyama yule ana zamu yake ya kunywa, nao wana zamu yao katika siku maalumu. Tulikisoma kisa hiki chuoni tungali wadogo. Maana yake moja, hata hivyo, haikututulia moyoni mpaka tulipofika Matinyani, katika kaunti ya Kitui.

Tulikwenda huko kwa amana. Jamaa kadhaa wa hapa Pwani walikuwa wamechanga sadaka ya maji, nasi tukatumwa kutazama ifanyiwe nini. Tulikuta mto uliokauka, mchanga mtupu toka ukingo hadi ukingo. Katikati ya mchanga palikuwa na shimo, na mama mmoja mtu mzima akiteka maji kwa kata. Alipokwisha kujaza madumu yake, aliteka kata tatu zaidi akazimimina katika karai kuukuu lililokuwa kando. Tulimuuliza sababu.

"Ni ya nyuki na ndege, mzee wangu," akajibu. "Wakikosa hapa, watakuja kufia shimoni, na maji yataharibika."

Ukambani mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, ndiyo inayotegemewa zaidi. Mito mingi hufurika kwa siku chache, kisha hukauka. Kwa hiyo wenyeji hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kuukata mto. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake. Mchanga mnene huweza kubeba maji robo ya ujazo wake na zaidi, na jua haliyafikii kwa urahisi. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga ya namna hii katika Kitui. Ndovu naye huujua ufundi huu, kwani huchimba mchanga wa mto mkavu kwa miguu na mkonga, na wanyama wadogo hunywa alipopaacha.

Lakini ni lazima tuseme kweli: samaki haishi mchangani. Perege wahitaji maji ya wazi, yasiyokauka kiangazi. Basi pale penye silanga na mabwawa ya wazi, zipo njia kadhaa za kuyazidisha maji kwa faida ya viumbe wote.

Njia ya kwanza ni kuzoa matope. Silanga iliyojaa tope hubaki pana lakini haina kina, na jua huimaliza upesi. Kuizoa wakati wa ukavu huweza kuwa nafuu kuliko kuchimba mpya. Ya pili ni kuzuia tope lisifike, kwa matuta ya fanya juu mashambani, nyasi na miti kandokando ya mito. Bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limepoteza sehemu ya nafasi yake kwa mchanga na udongo uliotoka mashambani. Ndiyo maana mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, ili wanaokunywa chini wawasaidie wakulima wa juu kuutunza udongo wao.

Ya tatu ni kuinua ukuta wa bwawa. Njia hii huongeza maji mengi kwa mara moja, lakini huzamisha ardhi ya watu. Ya nne ni kuacha akiba, yaani kutolikausha bwawa hadi tone la mwisho, na kuufungulia mto kiasi cha kuishi. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inatambua akiba hii, kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa kuhifadhi viumbe wa majini. Ya tano ni kulizungushia silanga ua, na kuweka birika la kunyweshea nje yake, ili kwato zisiharibu kingo wala samadi isiingie majini.

Tulipoyaeleza haya kwa waliochanga, mmoja wao alitukabili kwa haki: "Sheikh, watu wana kiu, nawe watuzungumzia ndege?" Tulimjibu kwamba binadamu hutangulia, na hilo halina ubishi. Lakini wanazuoni wetu wamefundisha kwamba maji yaliyozidi haja ya mwenyewe hayanyimwi mnyama mwenye kiu. Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula wala kinywaji. Kisha tukamkumbusha mwaka 2022, pale serikali ilipotangaza kwamba ukame umeua ndovu 205 kati ya Februari na Oktoba, mbali na nyumbu na punda milia kwa mamia. Mto Tiva, utokao Kitui, waingia Tsavo Mashariki. Mnyama asipopata maji mbugani huyafuata kijijini, na hapo hufa yeye au hufa mtu.

Wala sisi wa Pwani si wageni katika jambo hili. Maji ya mifereji ya Mombasa hutoka sehemu yake katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, mahali pa viboko na samaki, na sehemu nyingine Baricho, kandokando ya Mto Sabaki. Ndoo unayoijaza asubuhi ina washirika. Tukiacha bomba likimwagika, tumepunja zamu ya mwingine, nasi tumekatazwa israfu ya maji hata tukitawadha penye mto unaopita.

Mwishowe waliochanga walikubaliana: ukuta wa mchanga kwa ajili ya watu, na fungu dogo la fedha lijenge birika la kunyweshea upande wa chini. Yule ndugu aliyetukabili ndiye aliyeongeza gharama ya birika kutoka mfukoni mwake, akainuia thawabu ziwe za marehemu mamake.

Basi mnapotoa sadaka ya maji, ulizeni maswali matatu: tope litazuiwa vipi, nani atalitunza bwawa baada yetu, na zamu ya mnyama iko wapi? Na nyumbani, wafundisheni watoto kuweka bakuli la maji uani wakati wa kaskazi. Kaumu ya Thamud hawakuangamia kwa kukosa maji; waliangamia kwa kumkanusha Mtume wao na kumuua yule aliyepewa zamu yake.