MAREJEA: MMEA UNAOIRUDISHIA ARDHI NGUVU YAKE

Kila mtu ausifu mchele wa Kyela kwa harufu na utamu wake, lakini ni wachache waulizao ardhi iliyouzaa imebakiwa na nini. Huko Bondeni, baina ya milima ya Rungwe na ufuo wa Ziwa Nyasa, mpunga hupandwa mwaka hadi mwaka katika majaruba yale yale. Kila gunia litokalo shambani huondoka na sehemu ya chakula cha udongo. Na achukuaye siku zote bila ya kurudisha, hana budi kufilisika.

Mwenye fedha hununua mbolea dukani. Walakini mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani kote, hata Serikali ya Tanzania ikaanza kutoa ruzuku ili kuwapunguzia wakulima mzigo. Jambo hilo latufundisha kwamba si vema riziki ya nyumba nzima kutegemea mbolea ya dukani peke yake.

Wakulima wa China na Japani walilitambua jambo hili zamani. Katika mashamba yao ya mpunga walipanda mmea mdogo wa jamii ya kunde, ambao Wajapani huuita renge. Baridi ikipungua, shamba zima hugeuka rangi ya waridi, na nyuki huja kwa wingi. Kisha mmea wote hufukiwa udongoni kabla ya mpunga kupandwa. Renge hupenda baridi, na Bondeni ni nchi ya joto. Basi tusitamani cha mbali ilhali tunaye ndugu yake wa karibu, naye ni marejea.

Marejea hukua hata kufikia kimo cha mtu, na maua yake ni ya manjano. Maganda yakikauka, mbegu hulia ndani kama kayamba. Mizizini mwake mna vinundu, na ndani ya vinundu hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huitwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Huko Peramiho, mkoani Ruvuma, wakulima walihimizwa kuyapanda katika miaka ya 1980. Na nchini Kenya majani yake machanga ni mboga iitwayo mitoo.

Ama namna ya kuyapanda ni hii. Mpunga ukisha kuvunwa, na udongo ungali na unyevu, lima na uchimbe mifereji, kwa kuwa marejea hayapendi maji yaliyotuama. Sia mbegu katika mistari iliyoachana kiasi cha sentimita 30, uzifunike kwa udongo kidogo. Palilia mwanzoni; baadaye yatayafunika magugu yenyewe. Baada ya miezi miwili au mitatu yataanza kutoa maua. Hapo yakate na kuyafukia, kabla mashina hayajawa magumu, uyaache yaoze wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Bakiza mistari michache ikomae kwa ajili ya mbegu. Nawe hakikisha aina ya mbegu, kwani baadhi ya mimea ya ukoo huu ina sumu kwa mifugo.

Hapa ndipo penye mtihani. Kijana ayaonapo maua yamefunguka, huona uchungu kuyafukia, na watu wa nyumbani huuliza: mbona shamba halikutupa hata kikombe cha chakula? Tena ng'ombe wa jirani, waliozoea kufunguliwa baada ya mavuno, huingia wakala. Basi yafaa kwanza kushauriana na jirani kwa wema, na kuanza na jaruba moja tu, ili mavuno yake yalinganishwe na ya jaruba la pili.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kinacholiwa na ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Mwislamu, ni sadaka kwake. Basi udongo ulioshiba leo utawalisha wengi kesho, na wa kwanza wao ni watoto wetu wenyewe.