Parseli ku WhatsApp: ni nani anaangalia?

Zamani komisioneri wa Kasongo alitafuta wanunuzi kwa miguu, soko kwa soko. Leo anatiaka picha ya parseli ku status ya WhatsApp. Kisha saa 24 inafutika, lakini mbele ifutike simu inamuonyesha majina ya wenye waliangalia. Kazi iko pale. Akiitia mara tatu, na mtu yule yule wa Salamabila akaangalia zote tatu, huyo si mpita njia: ni wa kupigia simu.

Ukurasa wa Facebook nao unasema watu wanatoka mji gani. Kama wengi wako Kinshasa ao Lubumbashi, like zao ni salamu tu. Na mchimbaji wa Namoya asiye na mega haonekane mu hesabu hata moja, kumbe ndiye mwenye dhahabu mfukoni! Kwa yule, miguu ingali inashinda simu.

Sasa wewe mwenye kununua. Vue mia tano haziseme parseli ni ya nani. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Haki ya mtu inaonekana ku certificat d'enregistrement. Picha moja inaweza kuuzishwa watu wawili. Mbele ya kutuma franga, tuma ndugu yako akanyage pale, aulize majirani, kisha aende kwa conservateur kuangalia jina lenye kuandikwa.