Jina la Bulihwali

Wanangu, tuanze na majina yenu. Nikisimama mbele ya darasa lolote hapa Butembo nikaita "Kambale!", watainuka wavulana watatu wanne kwa pamoja, na kila mmoja ni mtoto wa kiume wa pili kwa mama yake. Kasereka ni wa tatu. Masika ni binti wa kwanza. Majina yetu sisi Wanande yanahesabu. Mgeni akiyasikia anajua papo hapo nani alimtangulia nani kuzaliwa.

Sasa vukeni mpaka pamoja nami, tupite Uganda, tufike Ziwa Victoria. Upande wa Tanzania kuna kisiwa kinaitwa Ukerewe. Mvulana wa hadithi yangu anatoka huko, anaitwa Ntulanalwo: nakaa nacho. Anakaa na nini? Na kifo. Dada yake ni Bulihwali, na jina lake ni swali: huzuni itakwisha lini? Fikirini mzazi anayemwita mtoto aje kula, na kila anapomwita anauliza swali hilo.

Hadithi yao imo katika riwaya nene ya Aniceti Kitereza yenye majina ya watu wanne wa nyumba moja: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni nyumba ya jembe na ya zizi. Kwetu mahari huhesabiwa mbuzi, na ng'ombe wengi tunawaona tukipanda nyanda za Lubero au tukienda Masisi. Kwa hiyo watoto wa mjini niwaeleze kidogo. Ng'ombe hangoji. Alfajiri anataka kukamuliwa, jua likipanda anataka malisho, jioni anataka zizi lililosafishwa. Nyumba ya mfugaji ikipungukiwa mtu mmoja, ng'ombe ndio wa kwanza kujua.

Na nyumba ya Myombekere inapungukiwa kweli. Yeye na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanaanza maneno, yale maneno ya kumchoma mwanamke kana kwamba tumbo ni kosa alilolitenda. Wazazi wa Bugonoka wanasikia jinsi binti yao anavyotukanwa. Wanamchukua, wanarudi naye kwao.

Hapa ndipo ninapowaomba msikilize sana, maana mwalimu wenu atawauliza: mhusika huyu ana tabia gani, na dhamira ya riwaya ni ipi? Wengi mtatafuta mahali Myombekere anaposema jambo kubwa. Msitafute huko. Angalieni miguu yake na mikono yake. Angeweza kuoa mwingine. Ndugu zake wangefurahi. Yeye anashika njia kwenda ukweni kuomba radhi, ingawa matusi hayakutoka kinywani mwake. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Wanaojua kasiksi ya kwetu wanaelewa ukubwa wa kazi hiyo: ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa pamoja na majani, maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke. Mtu mmoja hawezi. Lazima abishe milango ya watu, akope ndizi, akope mikono, na kila anayemsaidia ajue kwamba mke wake ameondoka. Mwanamume anayekubali aibu yake ionekane kijiji kizima ili mkewe arudi: hiyo ndiyo tabia yake. Dhamira nayo imechemka ndani ya mitungi ile ile. Ndoa katika kitabu hiki ni kazi inayofanywa kwa mikono, tena pamoja na majirani.

Bugonoka anarudi. Wanatafuta mganga, dawa zinanywewa, miezi inapita. Kitereza hana haraka, na ninampenda kwa hilo. Anaeleza kupika, kulima, kusalimiana, kuuguza, mpaka msomaji anajua njia zote za ua ule. Wapo wanaosema anarefusha. Mimi naona anatufanya tungoje pamoja na wale wawili, ili Ntulanalwo anapozaliwa nasi tuwe tumechoka kusubiri. Baadaye anazaliwa Bulihwali.

Kitereza alijua kungoja. Alizaliwa mwaka 1896, na yeye na mkewe Anna Katura hawakubakiwa na mtoto. Aliandika riwaya hii kwanza kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake, akaimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mtu wa kuichapisha kwa lugha hiyo. Miaka ikapita, akaiandika upya kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na ndiyo sababu mimi na ninyi, watu wa Kongo, tunaweza kuisoma bila mkalimani. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Miongoni mwenu wapo waliofika Butembo na mama zao kutoka vijiji vya Beni, tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014. Hao sina haja ya kuwafafanulia jina la Bulihwali. Msichana mmoja wa upande huo aliniuliza, "Babu, yule binti, swali lake lilijibiwa?" Nilikaa kimya kidogo. Sikutaka kumdanganya. Nikafungua kitabu mahali Bulihwali anapozaliwa, nikamsomea. Akasogeza kigoda chake karibu, tukaendelea, yeye akinifunulia kurasa, mpaka giza likatuzuia kuona herufi.