Tofauti ya Rufaa na Parole katika Maandishi ya Wafungwa wa Butimba

Katika Gereza Kuu la Butimba, Mwanza, kama ilivyo magerezani kwingine, mfungwa asiyejua kuandika humtegemea mwenzake aliyesoma. Mara nyingi mwandishi huyo amejifunzia kazi yake katika sababu za rufaa, na hapo ndipo kosa huanzia. Rufaa hudai kwamba mahakama ilikosea. Parole, kwa mujibu wa Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, haifuti hatia. Humruhusu mfungwa aliyetumikia theluthi moja ya kifungo (wa maisha hawamo) kumalizia sehemu iliyobaki nje, kwa masharti. Maelezo yanayorudia ubishi juu ya shahidi wa tatu wa mashtaka hujibu swali ambalo bodi haikuuliza. Bodi hutazama mwenendo wake gerezani, na kama jamii, pamoja na aliyetendewa kosa, iko tayari kumpokea.

Kwa mvuvi, ugumu umo katika makazi. Aliyehamahama kati ya mialo ya Ukerewe na Kome, akilala kambini, atataja kwao wapi? Ni afadhali maelezo yataje ndugu atakayempokea, kijiji, kitongoji na jina la mwenyekiti wake, kuliko kurasa mbili za majuto.