Gitaa kuukuu la umeme: Kagua tumboni kabla ya kulipa

WAHENGA walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii inamfaa yeyote anayenuia kununua gitaa kuukuu la umeme lenye tumbo tupu, kwa kuwa thamani yake hutegemea zaidi yaliyofichika kuliko mng'aro wa nje.

Tuchukue mfano wa Gibson ES-175. Gitaa hili lilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka wa 1949, na nambari hiyo ilitokana na bei yake ya dola 175. Liliundwa katika kiwanda cha Kalamazoo, jimbo la Michigan, na likapendwa mno na wapigaji wa jazi. Leo hii gitaa la aina hiyo la miaka ya 1950 huuzwa kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana walaghai hawakosi.

Kwanza, chunguza shingo. Kichwa cha gitaa hili kimeinama kuelekea nyuma, na pale kinapoungana na shingo ni pembamba. Likianguka, aghalabu huvunjika hapo. Fundi stadi anaweza kuliunga likalia kama awali, lakini bei yake hupungua pakubwa, pengine hadi nusu. Mulika sehemu hiyo kwa kurunzi, ukitafuta ufa mwembamba au rangi isiyolingana.

Pili, kagua tumbo. Kwa kuwa ndani hamna gogo la kulitegemeza, uso wa mbele hubeba mkandamizo wa nyuzi miaka nenda miaka rudi. Ukiuona umedidimia karibu na daraja, au ukiugonga kwa kidole usikie kitu kikitikisika, huenda mbavu za ndani zimebanduka. Ingiza kioo kidogo kupitia matundu yenye umbo la herufi f ujionee.

Tatu, thibitisha umri. Usitegemee nambari ya usajili pekee, maana katika miaka ya 1960 Gibson ilirudia nambari zile zile kwa magitaa tofauti. Mwombe fundi asome tarakimu zilizo kwenye vidhibiti vya sauti. Kwa mfano, 1376620 humaanisha kidhibiti kilitengenezwa na kampuni ya CTS, ambayo nambari yake ni 137, katika juma la 20 la mwaka wa 1966. Gitaa linalodaiwa kuwa la 1958 haliwezi kutoka kiwandani na kifaa hicho. Lehemu mpya nayo ni ishara kwamba kuna kilichobadilishwa.

Vinasa sauti pia huibua utata. Vile vilivyobuniwa na Seth Lover, vilivyoanza kuwekwa mwaka wa 1957, vina bei kubwa hata vikiuzwa peke yake. Kwa hivyo wengine huving'oa na kubandika vya bandia vyenye kibandiko kinachofanana.

Hatimaye, anayeagiza kutoka ng'ambo akumbuke sheria. Magitaa mengi ya enzi hiyo yana ubao wa vidole wa rozwudi ya Brazili, mti wa jamii moja na mpingo wa Afrika Mashariki. Tangu 1992, mti huo umewekewa masharti makali zaidi ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na chombo kisicho na kibali kinaweza kutwaliwa mpakani.

Muuzaji akikataa gitaa lisikaguliwe ndani, ni heri kubaki na fedha zako.