Mgeni aliyengoja Kwihara

Pale Kwihara, karibu na Tabora, iko tembe ambayo leo ni makumbusho. Humo alikaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Stanley alimsihi warudi wote kwao, akakataa. Mwezi wa Machi Stanley akashika njia ya pwani. Mzee akabaki ugenini, afya dhaifu, akingoja wapagazi. Alingoja miezi mitano! Lakini hakukaa bure. Aliwatazama ndege wakilisha makinda katika mikomamanga ya uani, akaandika habari zao. Mwezi wa Agosti wakafika watu 57, safari ikaanza. Mwaka 1873 akafa kijijini kwa Chitambo. Chuma na Susi na wenzao wakaichukua maiti, wakapita Kwihara ile ile, hadi misioni ya Bagamoyo. Basi, ndivyo mgeni anavyosindikizwa.