Kutu Katika Ndoana, Harufu Katika Kidole

Mvuvi anaporudi ufukoni mikono mitupu, lawama zake huwa tayari. Mara huulaumu upepo, mara mbalamwezi, mara hata jicho la jirani. Ni nadra sana kumsikia akiilaumu ndoana yake mwenyewe. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na kwa mvuvi wa mshipi, kimlacho mara nyingi kimo katika kopo lake la zana, nacho ni kutu.

Jambo hili lina uzito mkubwa huko Kibirizi, mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapo ndipo samaki wa Ziwa Tanganyika huteremshwa alfajiri, akina mama huanika dagaa, na mashua za abiria huanza safari ya vijiji vya kaskazini na Gombe. Uvuvi wa huko ni wa usiku. Zamani ziwa liling'aa kwa karabai. Siku hizi taa za betri na za nguvu za jua zimechukua nafasi yake. Dagaa huufuata mwanga, na migebuka huwafuata dagaa ili wawale. Wavu huchota dagaa kwa wingi. Lakini mwenye mshipi humngoja mgebuka, na humpata mmoja mmoja. Kwa mtu huyo, kila samaki anayechomoka ni unga, daftari au dawa iliyopotea nyumbani kwake.

Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa hupoteza nguvu zake, na wavuvi wengi hupumzika wakishona nyavu. Siku hizo hizo zafaa ziwe siku za ndoana pia. Isitoshe, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, 2024, uvuvi ulisimamishwa katika ziwa hilo upande wa Tanzania ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu yatosha kabisa kuzigeuza ndoana zilizofungiwa mbichi kuwa chuma chakavu.

Na wewe mfanyakazi wa mjini, uwe Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, ambaye huchukua mshipi siku ya mapumziko na kwenda na watoto kutafuta kitoweo, usidhani kwamba maneno haya hayakuhusu. Kutu haibagui.

KUTU HUTOKA WAPI?

Chuma hushika kutu pale kinapokutana na maji pamoja na hewa. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu ndoana iliyotumika baharini Bagamoyo huharibika upesi kuliko ile iliyotumika Kibirizi, ambako maji ni baridi, yasiyo ya chumvi. Lakini tofauti hii huwadanganya wengi. Mvuvi wa ziwani hudhani ndoana yake i salama, akaitupa kopo ikiwa mbichi, juu ya kitambaa kilicholowa. Humo koponi ndimo mna unyevu na hewa tele, usiku na mchana. Kwa hiyo ndoana nyingi haziliwi na ziwa. Huliwa na kopo.

Ukitaka watoto waelewe, chukua misumari mitatu mipya na chupa tatu. Wa kwanza uweke katika chupa kavu yenye kifuniko. Wa pili utie katika maji yaliyochemshwa sana na kupoa, kisha uyafunike kwa tabaka la mafuta ya kupikia ili hewa isipite. Wa tatu uache nusu majini na nusu hewani. Baada ya wiki moja waulize ni upi ulioliwa. Somo hilo hawatalisahau.

Kigoma yenyewe ina ushahidi mkubwa kuliko misumari. Mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Goetzen ziwani ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mitambo ikakutwa ingali inafaa. Mwaka 1927 meli hiyo ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Ikiwa grisi iliweza kuilinda mitambo chini ya maji kwa miaka kadhaa, tone la mafuta lashindwaje kuilinda ndoana kwa wiki moja?

HASARA TATU

Hasara ya kwanza ni ncha. Kutu huanza kula mahali pembamba, na ncha ndiyo nyembamba kuliko zote. Ndoana butu humgusa samaki mdomoni bila ya kumshika. Ya pili ni nguvu: ndoana iliyotobolewa vishimo na kutu hukatika samaki mkubwa anapovuta, naye huenda zake na jeraha, asikufae wewe wala ziwa. Ya tatu ni mng'aro. Mgebuka huwinda kwa macho. Kijiko cha bati au kipande king'aacho kinachofungwa mshipini humlaghai kwa sababu humeta kama ubavu wa dagaa anayegeuka. Kikishika kutu, hakimeti tena. Nacho hakina tofauti na kijiti kielea.

Wengine husema kwamba samaki hukimbia harufu ya kutu. Kutu karibu haiyeyuki majini, kwa hiyo haina njia rahisi ya kuenea na kumfikia samaki puani. Hasara zake ni hizo tatu tulizozitaja. Habari ya harufu ni nyingine, nayo tutaifikia.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kwanza, chagua. Ndoana yenye kutu ya juu juu yaweza kuokolewa. Ile yenye vishimo ishike kwa koleo uikunje kidogo. Ikikatika, heri imekatikia nyumbani. Usiitupe mchangani, kwani watoto hupita hapo miguu mitupu. Itie katika mkebe wenye kifuniko.

Pili, zifungue ndoana kutoka katika chambo bandia, hasa kama kina manyoya, nyuzi au rangi. Zioshe kwa sabuni na maji, kisha zitie katika siki au maji ya ndimu kwa muda wa nusu saa hivi. Asidi iliyomo huilegeza kutu. Usiziache zilale humo, kwa kuwa asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima. Tumia chombo kisichotumika kwa chakula. Na chubwi za risasi usizitie katika siki kamwe. Risasi iliyoyeyuka ni sumu.

Tatu, sugua kwa mswaki wa zamani na majivu laini, au kwa msasa mwembamba. Vijiko vya shaba havishiki kutu bali hufifia. Navyo ndimu na majivu vitavirudishia uso wao.

Nne, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi iliyobaki, suuza tena kwa maji safi, kisha ukaushe papo hapo kwa kitambaa na jua.

Tano, noa. Pitisha tupa ndogo taratibu kuelekea nchani, pande zote. Ijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, bado, ikinasa, yatosha.

Mwisho, paka mafuta kidogo mno, kisha uifute hata ibaki dalili tu. Chomeka kila ndoana katika kipande cha kandambili kuukuu, na uweke katika kopo kavu. Kandambili iliyokwisha kutembea njia zake zote itakulindia ncha na vidole pia.

PUA YA SAMAKI

Sasa tuje kwenye harufu. Samaki ana pua, lakini si ya kuvutia pumzi. Ni vishimo vilivyo juu ya mdomo, visivyofika kooni. Maji huingia humo, hupita juu ya ngozi laini yenye mikunjo, kisha hutoka. Na chochote kilichoyeyuka ndani yake hutambuliwa. Siku utakapoparua samaki jikoni, hebu tazama. Samaki wengi wana matundu mawili kila upande. Lakini ngege na kuhe, ambao ni wa ukoo mmoja, wana tundu moja tu kila upande.

Kinachomvuta samaki ni zile chembechembe za chakula ziitwazo asidi amino, ambazo hutoka katika nyama mbichi na kuyeyuka majini. Dagaa aliyepondwa huzitoa kwa wingi. Mkondo huzichukua, na samaki huufuata mkondo kinyume hadi afike penye chambo. Pasipo mkondo, harufu husafiri polepole; hivyo mwenye chambo cha harufu hana budi kuwa na subira.

Mabingwa wa kazi hii ni kambale na jamaa zake. Hao wana vionjio vya ladha si mdomoni tu, bali katika sharubu na ngozi ya mwili mzima. Usiku wa giza, katika maji ya tope, kambale huionja njia kabla ya kuiona. Ndiyo kusema, ukimvulia mgebuka kwa chambo kinachometa, fanya bidii katika kung'arisha. Ukimvulia kambale, fanya bidii katika chambo kibichi na mkono safi. Ncha kali yahitajika kwa wote wawili.

MKONO WA MVUVI

Je, mkono wa mtu una neno? Katika miaka ya 1950, watafiti wa Kanada waliwachunguza samoni waliokuwa wakipanda mto. Yalipomwagwa juu ya mkondo maji yaliyonawiwa mikono ya watu, samaki wale walisita na kurudi nyuma. Baadaye ilibainika kwamba katika ngozi ya binadamu mna asidi amino iitwayo serini, ambayo samoni huihofu. Samoni si mgebuka, wala mto wa Kanada si Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, tunajifunza kwamba samaki aweza kuutambua mkono asiouona.

Hali kadhalika, mwaka 1938 mwanasayansi Karl von Frisch wa Austria, ambaye mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel, alieleza jambo la ajabu. Aliona kwamba samaki wadogo wa mtoni akijeruhiwa mmoja wao, wenziwe hutawanyika kwa hofu, kwa sababu ngozi iliyochanika hutoa kitu kinachotangaza hatari majini. Kambale wamo katika kundi hilo hilo kubwa la samaki. Basi baada ya kumtoa samaki, suuza ndoana na uondoe ute na vipande vya ngozi kabla ya kuitupa tena.

Kwa hiyo aliyemimina petroli katika mashine ya mashua asishike chambo kwa mikono ile ile. Vivyo hivyo aliyevuta tumbaku, au aliyejipaka mafuta ya marashi. Anawe kwa sabuni isiyo na manukato. Hapo Kigoma sabuni ya mawese haiko mbali. Kisha asugue vidole kwa maji ya ziwa na dagaa mmoja aliyepondwa. Ndoana iliyowekwa mafuta nayo ioshwe vivyo hivyo, maana mafuta ya kupikia yakikaa sana huchacha na kunata. Shombo, ambayo nyumbani huifukuza kwa ndimu, kazini ni rafiki yako.

Lakini kuvuta kwa harufu kusichanganywe na kulevya kwa sumu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti. Chambo humwita samaki mmoja. Sumu huua mkubwa na mchanga pamoja, na mlaji hasalimiki.

NENO KWA WAZAZI

Mtoto akichomwa na ndoana yenye kutu, watu husema kutu imemtia pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, wala havizaliwi na kutu. Hivyo hata ndoana mpya iliyoanguka mchangani ni hatari. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, usilifunike kwa udongo wala majivu, na umpeleke mtoto katika kituo cha afya ili chanjo yake itazamwe.

Ndoana moja ni kitu cha bei ndogo, na ndiyo maana twaidharau. Lakini usiku, penye kina kirefu, mtumbwi, taa, mafuta na usingizi wa mvuvi vyote hutegemea ncha ile isiyozidi punje ya mchele. Basi mbalamwezi ijayo, nyavu zinaposhonwa, fungua kopo lako, ukae na watoto kivulini, nanyi mzinoe ndoana hizo moja baada ya moja.